Korja, Jozi na Leseni: Programu ya Duka la Leso Ilikuwa ya Nani?

Kisa hiki kinahusu duka moja la leso la Biashara Street, Mombasa, na kijana wa Kisauni aliyelitengenezea programu ya hesabu. Majina ya wahusika hayahitajiki, kwa hiyo nitawaita mwenye duka na mtengenezaji. Niliombwa na pande zote mbili kusoma barua zao, ujumbe waliotumiana kwa simu na mafaili ya programu yenyewe kabla hawajafika mahakamani, na haya ndiyo niliyoyaona.

Mwenye duka huuza leso kwa jumla na rejareja. Wateja wake wakubwa ni wanawake wanaochukua mzigo kwa deni, wakaupeleka Kilifi, Kwale na Lamu, kisha wakalipa kidogo kidogo kwa M-Pesa. Programu za kawaida za mauzo alizojaribu awali hazikumfaa, kwa sababu zinajua kuhesabu kimoja kimoja tu, hazijui korja. Dukani humo korja ni jozi ishirini, na bei ya korja si bei ya jozi mara ishirini. Mteja anaweza kurudisha jozi sita za korja aliyoichukua mwezi uliopita kwa sababu maneno yaliyoandikwa kwenye leso hayakupendwa huko alikokwenda kuuza, na hapo huzuka swali la kila siku: zinaporudi jozi hizo sita, deni lipunguzwe kwa bei ya korja au kwa bei ya jozi? Daftari lilijua jibu kwa kila mteja, maana mwenye duka ndiye aliyelishika. Alitaka kompyuta nayo ijue.

Makubaliano yalifanywa kwa mdomo, yakathibitishwa kwa WhatsApp. Mtengenezaji aliandika: “Ami, n'takufanyia programu ya duka lako, utaitumia wewe na matawi yako yote. Elfu mia na hamsini.” Akajibiwa: “Sawa mwanangu, lakini nataka ya leso hasa, ijue korja.” Hakuna karatasi nyingine iliyoandikwa. Fedha zililipwa kwa awamu, programu ikafungwa, na kwa mwaka mzima hapakuwa na neno.

Ugomvi ulianza pale mteja mmoja alipokuja na risiti ya duka jingine la mtaa huohuo. Ilipangwa vilevile kama risiti za mwenye duka, na chini yake neno “salio” lilikuwa limeandikwa “salyo”, kosa ambalo lilikuwa kwenye risiti zake mwenyewe tangu siku ya kwanza na ambalo hakuna aliyejali kulisahihisha. Alipouliza akaambiwa kwamba mtengenezaji ameshaiuza programu hiyo kwa jirani huyo na kwa duka jingine la Kongowea. Wakili wa mwenye duka akaandika barua ya kudai uuzaji ukome na fidia ilipwe. Mtengenezaji akajibu kwamba mwenye duka alilipia kuitumia programu, si kuimiliki. Kwamba hakimiliki hubaki kwa mtunzi hadi aihamishe kwa maandishi. Na kwamba mwenye duka mwenyewe alimpa mkwe wake wa Malindi nakala bila ruhusa, tena akamwita fundi mwingine aliyefuta jina la mtengenezaji kwenye ukurasa wa maelezo ya programu. Mambo hayo mawili yalikuwa kweli, na mwenye duka hakuyakana.

Tuanze na kile ambacho sheria inakilinda. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya, Na. 12 ya mwaka 2001, huiweka programu ya kompyuta katika kundi la kazi za maandishi, pamoja na riwaya na vitabu vya kiada, kama unavyotaka pia TRIPS, mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu haki za ubunifu, katika kifungu chake cha 10. Ulinzi huanza pale kazi inapowekwa katika umbo la kudumu, yaani, kwa programu, inapohifadhiwa kwenye faili. Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO, husajili kazi, na cheti chake ni ushahidi mzuri, lakini kutosajili hakumnyimi mtu haki yake. Muda wa ulinzi ni maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki, muda ambao kwa programu ya duka unachekesha kidogo, kwani ni nadra programu ya aina hiyo kudumu hata miaka kumi bila kuandikwa upya.

Kinacholindwa, hata hivyo, ni maandishi ya programu, si wazo lililo nyuma yake. Barua ya wakili ilidai “mbinu ya kuhesabu korja” kuwa mali ya mteja wake, na hapo nadhani ilivuka mpaka. Wafanyabiashara wa pwani walihesabu korja kabla ya kompyuta kufika, na mtu yeyote anayejua kuandika programu anaweza kuandika yake inayofanya hesabu hiyohiyo. Lakini risiti ile yenye “salyo” iliondoa shaka kwamba jirani alitengenezewa programu upya kutokana na wazo lilelile. Watu wawili wanaweza kufikia jibu moja la hesabu kila mmoja kwa njia yake. Ni vigumu mno kuamini kwamba walifikia pia kosa moja la tahajia mahali palepale. Maandishi yalinakiliwa.

Sasa swali la umiliki, ambalo ndilo kiini cha kisa. Jibu la mtengenezaji lilikuwa na mantiki, na nadhani alilipata kwa kusoma makala za nje. Nchini Uingereza, chini ya sheria ya mwaka 1988, mtu aliyepewa kazi kwa oda bila kuwa mwajiriwa hubaki na hakimiliki yake hadi aihamishe kwa maandishi yenye sahihi. Nchini Marekani Mahakama ya Juu ilifikia msimamo unaokaribiana na huo mwaka 1989 katika kesi ya CCNV dhidi ya Reid, iliyohusu sanamu. Kenya haifuati njia hiyo. Kifungu cha 31 cha sheria yetu kinasema kwamba hakimiliki huwa kwanza ya mtunzi, lakini kazi ikiwa imeagizwa na mtu asiye mwajiri wake, huhesabiwa kuwa imehamishiwa kwa aliyeagiza, isipokuwa wenyewe wawe wamekubaliana kuuzuia au kuuwekea mipaka uhamisho huo. Kwa maneno mengine, wawili wakinyamaza, Uingereza hakimiliki hubaki kwa fundi, na Kenya huenda kwa aliyelipa. Vijana wengi wanaotengeneza programu hapa Mombasa wanaamini kinyume chake, na sishangai, maana makala nyingi wanazozisoma ziliandikwa kwa ajili ya watu wa nchi nyingine.

Mtengenezaji alikitaja kifungu cha 33, kinachosema kwamba uhamisho wa hakimiliki na leseni ya kipekee havina nguvu bila maandishi yenye sahihi. Kwa maoni yangu kifungu hicho hakimsaidii, kwa sababu kinazungumzia uhamisho ambao watu wanaufanya kwa hiari yao, ilhali kifungu cha 31 kinauhesabu uhamisho kuwa umefanyika kwa nguvu ya sheria. Hoja yake iliyokuwa na uzito zaidi ilitoka kwenye ule ujumbe wa WhatsApp: “utaitumia wewe na matawi yako yote.” Je, maneno hayo si makubaliano ya kuwekea uhamisho mipaka, kwamba mwenye duka apewe matumizi tu? Yanaweza kusomwa hivyo. Lakini sentensi ileile ilianza na “n'takufanyia”, na jibu lake lilikuwa agizo la kitu mahususi, programu ya leso inayojua korja. Nikiyasoma yote pamoja naona oda, wala sioni mtu akijiwekea umiliki. Jaji angeweza kuona vingine, na hiyo ilikuwa sababu moja ya kuwashauri wasikimbilie mahakamani.

Hadi hapo mwenye duka angedhani ameshinda. Ndipo nilipofungua folda ya programu.

Mafaili yalikuwa mamia kadhaa, na sehemu kubwa kabisa haikuandikwa Kisauni. Msingi wake ulikuwa programu ya mauzo na hesabu ya mali iliyotolewa kwenye intaneti na waandishi wa nchi za nje kwa leseni ya GNU GPL, toleo la 3, leseni ya programu huria ambayo nitaieleza hapa chini. Kwa desturi faili iitwayo COPYING, yenye maandishi kamili ya leseni, huandamana na programu za namna hiyo, na juu ya kila faili ya msimbo, yaani maandishi ya programu, huwa na mistari inayotaja mwandishi, mwaka na leseni. COPYING haikuwepo, na mistari ya juu ilikuwa imefutwa karibu kote. Ilisahaulika katika faili moja tu, ile ya kuchapa lebo za bei, na humo mwaka na jina la mwandishi wa kwanza vilikuwa vingali mahali pake. Mbali na msingi huo kulikuwa na maktaba chache ndogo za msimbo zenye leseni ya MIT, ambayo haidai mengi: tumia upendavyo, uza upendavyo, mradi tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni yabaki. Hata hayo yalikuwa yameondolewa. Mwisho kulikuwa na mafaili kumi na kidogo ambayo mtengenezaji aliyaandika mwenyewe: ya korja na jozi, ya madeni, na ya kulinganisha malipo ya M-Pesa.

Kwa hiyo kitu walichokuwa wakikigombania, kwa wingi wake, hakikuwa cha yeyote kati yao. Kifungu cha 31 humhamishia aliyeagiza kile tu ambacho mtunzi alikuwa nacho. Mwenye duka alikuwa na dai katika yale mafaili kumi na kidogo, basi.

Leseni ya GPL inahitaji kuelezwa kwa utulivu, maana pande zote mbili zilikuwa zimeielewa vibaya. Ilitokana na mradi wa GNU ambao Richard Stallman aliutangaza mwaka 1983. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 1989, la pili 1991 na la tatu 2007. Haiikatai hakimiliki, inasimama juu yake. Mwenye haki anaruhusu kila mtu kuiendesha programu, kuinakili, kuibadilisha na kuigawa, lakini anayeigawa kwa mwingine, ikiwa imebadilishwa au la, lazima aigawe nzima kwa leseni hiyohiyo, aambatanishe msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu kama mtunzi alivyoyaandika, au njia ya kuupata, aache matangazo ya waandishi, wala asiongeze masharti ya kumbana anayepokea. Wakili wa mwenye duka alipolisikia neno “huria” alidhani maana yake ni bure, akataka mteja wake arudishiwe elfu mia na hamsini zote. Sivyo. GPL inaruhusu kuuza kwa bei yoyote, na hapa kulikuwa na kazi halisi iliyofanywa na kulipiwa. Kosa la mtengenezaji lilikuwa jingine: aliuza bila leseni, bila msimbo chanzo, na kwenye ukurasa wa kuingilia aliweka maneno “Haki zote zimehifadhiwa” juu ya kazi ya watu wengine.

Wenye haki ya kulalamikia kosa hilo si mwenye duka bali ni wale waandishi wa nje, ambao wanalindwa hapa kama Wakenya kwa kuwa Kenya imo katika Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki, tangu mwaka 1993. Kama mtu angedhani kwamba masharti ya leseni huria ni maombi tu yasiyo na meno, kesi ya Jacobsen dhidi ya Katzer, iliyoamuliwa mwaka 2008 na mahakama ya rufaa ya shirikisho ya Marekani, ilionyesha kwamba anayeyakiuka anaweza kushtakiwa kwa kuvunja hakimiliki yenyewe. Uamuzi huo haulazimishi mahakama ya Mombasa, ila ni vigumu kuona ni kwa nini isishawishike nao. Toleo la 3 lina huruma kidogo, nalo lilimfaa mtengenezaji: anayekosea mara ya kwanza, akarekebisha ndani ya siku 30 tangu aarifiwe na mwenye haki, hurudishiwa ruhusa yake moja kwa moja. Hakuna mwandishi aliyekuwa amemwarifu. Alikuwa na nafasi ya kutengeneza mambo kabla ya kuitwa.

Wanunuzi nao, yaani mwenye duka, jirani na yule wa Kongowea, hawakuwa hatarini kuhusu ule msingi wa GPL. Leseni inasema kila anayepokea nakala hupata ruhusa yake moja kwa moja kutoka kwa waandishi wa asili, na kosa la aliyemuuzia halimvui ruhusa hiyo.

Sehemu ya korja ndiyo iliyokuwa ngumu. Kama ni ya mwenye duka, mtengenezaji hakuwa na idhini ya kuiuza kwa jirani. Mtengenezaji alijaribu kusema kwamba GPL ilimlazimisha kuitoa, kwa kuwa imeunganishwa na msingi ule. Leseni haisemi hivyo. Inasema kwamba mtu akishindwa kutimiza masharti yake na wajibu wake mwingine kwa pamoja, basi asiigawe kabisa. Mwenye duka kwa upande wake angeweza kuiweka korja yake ndani milele, maana GPL haimdai mtu kitu kwa programu anayoitumia katika biashara yake mwenyewe, hata ikiwa na matawi mengi. Lakini mkwe wa Malindi si tawi. Ana duka lake na kibali chake cha biashara, na kumpa nakala ni kuigawa programu kwa mtu mwingine. Kuanzia hapo mwenye duka naye alidaiwa kilekile alichodaiwa mtengenezaji: leseni, msimbo chanzo, matangazo ya waandishi. Akivitimiza, mkwe atakuwa na ruhusa halali ya kumpa programu nzima, korja ikiwemo, mtu yeyote amtakaye, hata jirani wa Biashara Street. Zawadi ya familia ilikuwa imekwisha kuubomoa ukuta ambao barua ya wakili ilitaka kuujenga.

Jina lililofutwa ni jambo dogo lenye jibu jepesi. Kifungu cha 32 humwachia mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa mtunzi hata hakimiliki inapokuwa imehama. Jina lirudishwe.

Nilipokuwa dukani niliona pia kwamba moja ya kompyuta zake tatu iliendeshwa kwa Windows iliyohamishwa kutoka mashine iliyokufa, ilhali leseni inayokuja na mashine mpya kwa kawaida hufungwa kwenye mashine hiyo, na kwamba programu ya uhasibu ilikuwa nakala iliyovunjwa kufuli. Nilimweleza kwamba anayepeleka dai la hakimiliki mahakamani hukaribisha maswali kuhusu kompyuta zake mwenyewe. Nakala ya akiba ya programu ya duka aliyoiweka nyumbani kwenye flashi haikuwa na tatizo. Sheria inamruhusu mwenye nakala halali kujiwekea akiba.

Mapatano yalichukua vikao kadhaa. Rasimu ya kwanza ilisema kwamba mtengenezaji hataiuza sehemu ya korja kwa duka jingine la leso, na kwamba wanunuzi wake hawataigawa. Ahadi ya kwanza inawezekana, kwa kuwa inamfunga mtengenezaji peke yake. Ya pili haiwezekani, kwa sababu ni sharti la ziada juu ya wanunuzi, ambalo GPL inalikataza. Tulifikiria kuitenga korja iwe programu inayojitegemea, lakini mafaili yale yaliita msimbo wa msingi karibu katika kila ukurasa, na kuyatenga kungekuwa kuandika upya. Hapo mwenye duka aliuliza swali ambalo wakili wake hakuwa ameliuliza: “Kwani mimi nauza programu?” Alikubali sehemu ya korja itolewe kwa GPL kama sehemu nyingine, jina lake likitajwa kuwa mwenye hakimiliki na la mtengenezaji kuwa mtunzi, naye alipwe fidia kwa nakala mbili zilizokwisha kuuzwa na ahudumiwe miaka miwili bila malipo. Mtengenezaji alirudisha mistari ya waandishi kwenye mafaili, akaweka COPYING na maandishi ya leseni za MIT, akaondoa “Haki zote zimehifadhiwa”, na akapeleka msimbo chanzo Kongowea na kwa jirani. Mwenye duka alifanya vivyo hivyo kwa mkwe wake. Yote haya tuliyapa siku 30, ingawa hakuna aliyetudai.

Katika kukagua nakala ya Kongowea tulikuta jambo ambalo halikuwa kwenye barua yoyote: orodha ya wateja wa mwenye duka, kwa majina, nambari za simu na madeni yao, ilikuwa ingali ndani kama data ya majaribio. Leseni ya programu haigusi data ya watu. Hiyo inatawaliwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na jukumu ni la mwenye duka aliyeikusanya na pia la aliyeiacha ivuje. Mwenye duka, aliyekuwa ameizungumzia korja kwa upole muda wote, alipandwa na hasira kwa mara ya kwanza. Data ilifutwa mbele ya pande zote tatu, na kifungu cha kuthibitisha ufutaji huo kikaongezwa kwenye mapatano.

Kazi iliyofuata kati yao, ya kumtumia mteja ujumbe wa simu deni linapokaribia tarehe yake, iliandikiwa oda ya ukurasa mmoja. Inataja ni mafaili yapi yatakuwa mapya, yanasimama juu ya leseni ipi, na kwamba hakimiliki ya mafaili hayo itabaki kwa mtengenezaji, jambo ambalo kifungu cha 31 kinaliruhusu likikubaliwa. Kwa sababu hiyo mwenye duka alidai apunguziwe bei, na akapunguziwa.